Eda ya Leofwaru

Kesi nzima ilikuwa juu ya miezi kumi na miwili. Leofwaru, mke wa Brihtmer, zamani mke wa Ketil, alitakiwa apande Kilima cha Baraza aape kwamba alikaa eda ya marehemu mumewe mwaka mzima, usiopungua hata siku moja, kabla hajaolewa tena. Akiapa, na wenzake kumi na mmoja wakamwapia, nyumba na shamba la Wyneby vinabaki vyake mpaka kaburini. Akishindwa, vyote vinachukuliwa na Grim, mdogo wa marehemu, na yeye anatoka na nguo za mwilini na mume asiyemiliki hata kuku.

Sheria hiyo aliiweka mfalme Knut. Knut huyohuyo alimwoa mjane wa mfalme Ethelred aliyetawala kabla yake, na watu wa Wyneby, ambao hawana adabu hata mbele ya maiti, walipata kuhesabu kwa vidole kama bibi harusi yule naye alimaliza eda yake. Walifika miezi kumi na mitano, wakasikitika kidogo. Lakini hayo yalikuwa mazungumzo ya jikoni. Mbele ya liwali wa mfalme hakuna aliyefungua mdomo, maana anayeapa uongo juu ya masalia ya watakatifu hukatwa mkono, na akifa hazikwi na Wakristo wenzake.

Leofwaru alizaliwa mwaka ambao mfalme Ethelred alikimbia ng'ambo na Svein wa Wadani akakaa mahali pake. Svein hakumaliza hata msimu mmoja wa baridi, akafa. Ethelred akarudi na hasira zake, akaichoma nchi ya Lindsey kijiji kwa kijiji kwa kosa la kuwalisha Wadani, kana kwamba mtu mwenye upanga mlangoni huomba chakula kwa hiari yako. Baba yake Leofwaru aliuawa kwa kosa hilo. Kisha Ethelred akafa, mwanawe Edmund akashika miezi saba, naye akafa, na Knut mwana wa Svein akachukua yote. Binti alikuwa hajatimiza miaka minne, na alikuwa ameshatawaliwa na wafalme wanne, wala hakuna hata mmoja aliyemrudishia mama yake paa.

Mama mtu akawa wa kusaga unga majumbani mwa watu, na mtoto akakulia jikoni mwa watu. Alijifunza kula haraka kabla hajafukuzwa, kulala karibu na mlango, na kutogusa kitu chochote chenye kufuli. Ukimwona mtu mzima anafumba macho anapofunga sanduku lake mwenyewe, asikie tu ufunguo unavyozunguka, ujue ametoka mbali. Leofwaru alifanya hivyo kila jioni, miaka yote aliyokaa kwa Ketil.

Ketil alikuwa wa ukoo wa Wadani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa kanisani, amemzidi mkewe miaka kumi. Grim alimkanya ndugu yake waziwazi.

"We Ketil, una wazimu? Unaoa ombaomba?"

"Naoa mtu anayejua njaa inavyouma," Ketil alimjibu. "Wewe oa binti wa tajiri, akumalizie siagi."

Asubuhi ya kwanza ya ndoa, kama ilivyo desturi, Ketil alimpa mkewe zawadi ya asubuhi mbele ya mashahidi. Wanaume wengine hutoa pete, wengine kondoo wawili. Ketil alitoa nyumba, shamba la kutosha ng'ombe wawili wa kulima, na funguo tatu: wa ghala, wa sanduku na wa kabati dogo. Leofwaru alizifunga kiunoni, na hazikutoka hapo isipokuwa anapooga. Mtoto hawakujaliwa. Hilo lilimuuma, na Grim alihakikisha linamuuma zaidi kwa kuulizia kila sikukuu.

Ketil alikufa mwaka ule wa mafuriko makubwa, mwisho wa vuli, kwa homa ya kifua. Siku yake ya mwisho alikuwa na akili zake timamu. Adhuhuri kengele ya kanisa ilianza kulia, polepole, mlio wa kifo.

"Za nani hizo?" aliuliza.

Bibi Siflede, jirani yao mzee aliyekuwa anamlisha mchuzi, alitoka mlangoni akauliza, akarudi. "Za mfalme. Knut amekufa."

"Ahaa," Ketil alisema. "Nilidhani zangu. Nikasema padri amekuwa na haraka."

Alicheka, akakohoa, na jua lilipozama alikuwa amekwenda. Tangu siku hiyo Wyneby nzima ikawa inasema: Ketil alikufa siku moja na mfalme. Wengine walisema kwa fahari kidogo, kama vile wawili hao walikuwa wamepanga. Hesabu ya miaka ya Bwana ilikuwa mali ya padri na kitabu chake; watu wa kawaida walipima kwa wafalme. Fulani aliolewa mwaka aliokimbia Ethelred, ng'ombe fulani alizaliwa Edmund akiwa hai, na Ketil alikufa siku ya Knut. Nani angehitaji zaidi ya hapo?

Mwaka wa eda ulikuwa mgumu. Nchi yenyewe ilikuwa haina mwenyewe. Knut aliacha wana wawili wa mama mbalimbali: Hartha-Knut aliyekuwa mbali Denmark, na Harold aliyekuwa hapahapa, na wakubwa walikuwa wamegawana nchi kama mkate, kusini wanamngoja mmoja, kaskazini wanamshikilia mwingine. Liwali akija kudai kodi, watu walimuuliza ni ya mfalme yupi, naye alitukana. Padri mzee wa Wyneby alikufa katikati ya baridi, na wa badala yake alikuja baada ya Pasaka, kijana mpole kutoka mbali, asiyejua nani ni nani. Na kila Jumapili Grim alifika "kuwatazama ng'ombe", akawatazama kama anayewatia alama.

Brihtmer alikuwa mchungaji wa kondoo wa watawa, mtu wa maneno machache na viatu vibovu. Ua wa Leofwaru ulipoangushwa na upepo, alikuja akausimamisha bila kuitwa. Leofwaru alimwambia mapema, bila kuzunguka:

"Usinisemeshe. Nina eda."

Brihtmer akawa anasema na ng'ombe. "Ng'ombe wee, mwambie bibi yako ule mlango wa zizi nitakuja kuutengeneza kesho. Mwambie pia leo amependeza." Leofwaru alikuwa akijibu kwa kupitia kuku. Bibi Siflede alisema hajapata kuona mifugo iliyochumbiana kwa adabu namna ile.

Siku moja ya vuli, wakiwa wanasafisha matumbo ya nguruwe uani, kengele ililia tena mlio ule wa kifo. Leofwaru alinawa damu mikononi, akakimbia kanisani.

"Padri, hii ni ya mfalme Knut?"

"Ndiyo, ni kumbukumbu yake. Askofu ameagiza."

"Kwa hiyo mwaka umetimia?"

"Umetimia leo hasa," padri alisema, akashangaa mwanamke huyu anavyompenda mfalme.

Majilio yalikuwa yanakaribia, na ndani ya Majilio hakuna ndoa mpaka baada ya Noeli. Kwa hiyo waliharakisha. Jumapili iliyofuata Leofwaru na Brihtmer walisimama mlangoni mwa kanisa, na kijiji kizima kikala nyama ya kuchinjwa juzi, iliyochomwa mpaka mafuta yakawachuruzika viwikoni. Grim alikuja na pipa la pombe, akawapongeza, akacheza, akambusu shemeji yake mashavu yote mawili. Watu walisema kumbe si mtu mbaya.

Baada ya Noeli alikuja tena, safari hii na mashahidi wawili, akasimama kizingitini bila kuingia.

"Shemeji, umevunja eda. Ndugu yangu alikufa mkesha wa Mtakatifu Andrea. Ulipoolewa zilikuwa zimebaki siku kumi na tano. Nadai haki ya ukoo."

"Mkesha wa Andrea umeutoa wapi, Grim? Ketil amekufa siku ya mfalme! Kila mtu anajua!"

"Basi hao kila mtu waje waape," alisema Grim.

Na kila mtu alikubali kuja. Hilo lilimpa Leofwaru usingizi mwezi mzima. Majirani kumi na mmoja, wanaume saba na wanawake wanne, walijitolea bila kubembelezwa, na Bibi Siflede alitangaza kwamba yeye ndiye ataapa wa kwanza, anayebisha amsogelee. Baraza likapangwa wiki moja kabla ya Kwaresima.

Asubuhi hiyo walikusanyika chini ya kilima, upepo wa vinamasini unapita hadi kwenye mifupa. Juu, padri alikuwa anafunua sanduku la masalia, na Grim alikuwa ameshasimama mahali pake na watu wake. Leofwaru aliwakatia majirani mkate na nyama ya chumvi, maana kuapa ni kazi na mtu haapi na njaa. Mikono yake ilikuwa imetulia. Alikuwa na haki, na alijua ana haki, na hakuna kitu kinachomtuliza mtu kama hicho.

Osgot, muezekaji wa mapaa, alitafuna na kuguna kwa raha.

"Bibi Siflede, mwaka huu nyama umeipatia. Ile ya matanga ya Ketil, Mungu amrehemu, lo! Chumvi tupu. Nilikunywa maji siku mbili."

"Ilikuwa imekaa piponi," alisema mke wake. "Majuma mawili na zaidi. Ulitaka iwe tamu?"

"Kuleni, mnyamaze," Bibi Siflede aliwakata.

Wakala, wakanyamaza, wakaanza kusemezana juu ya mengine. Leofwaru alibaki ameshika kisu.

Wyneby wanachinja siku ya Mtakatifu Martin, siku kumi na nane kabla ya mkesha wa Andrea. Hawajawahi kuchinja kabla na hawajawahi kuchelewa zaidi ya siku mbili tatu, kwa sababu baada ya hapo hakuna majani na mnyama anakula akiba yako. Kwenye matanga ya Ketil waliila nyama iliyokwisha kaa kwenye chumvi majuma mawili. Kwenye harusi waliila nyama iliyotoka tu kuchinjwa, na kengele ya pili ilimkuta yeye mwenyewe na matumbo ya nguruwe mkononi. Siku zote mbili zilikuwa siku ya mfalme. Haiwezekani.

Alihesabu tena, taratibu, akitafuta mahali alipokosea. Hakupata. Kisha akaelewa. Mfalme alikufa kusini, mbali, na mwaka ule barabara zote zilikuwa chini ya maji. Kengele ya kwanza haikulia siku mfalme alipokufa. Ililia siku mjumbe alipofika. Kengele ya pili ndiyo iliyolia siku yenyewe. Katikati yake kulikuwa na siku kumi na tano, na kidogo, na ndani ya siku hizo Ketil alikuwa bado hai, anakula mchuzi, anatukana mvua.

Grim alikuwa anasema kweli.

Alimvuta Brihtmer nyuma ya mkokoteni, akamweleza kwa kunong'ona. Brihtmer alisikiliza, akafuta pua kwa mkono.

"Nani mwingine ameligundua?"

"Sijui. Nafikiri mimi peke yangu. Osgot amelisema na hajui amesema nini."

"Basi hakuna anayejua."

"Mimi najua, Brihtmer."

"Siku kumi na tano!" Alisema kwa nguvu, akajirudi, akashusha sauti. "Umekaa eda mwaka kasoro siku kumi na tano, na hukufanya kwa makusudi. Mungu anahesabu hivyo? Hesabu hiyo ni ya Grim."

"Kiapo hakiulizi kama nilikusudia."

"Na tutakwenda wapi? Umeshakiona kibanda changu. Kondoo wenyewe wanakikataa." Alimshika mabega. "Apa. Sema maneno yao, teremka, twende nyumbani. Nakuomba."

Leofwaru alikasirika naye, na papo hapo alijua kwamba nusu ya moyo wake ilikuwa inasema hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Kutoka juu wakaitwa.

Liwali alikuwa mtu mnene mwenye mafua, na alitaka kumaliza mapema. Alifungua baraza kwa jina la mfalme.

"Yupi?" Osgot aliuliza kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kufahamu.

Watu wakacheka. Liwali alipiga chafya, akasema mfalme Harold, na anayetaka mwingine avuke mto akamtafute huko. Kisha akamwita Grim aape kiapo cha mshitaki. Grim alivua kofia, akaweka mkono juu ya sanduku la masalia, akasema maneno yake bila kujikwaa: kwamba haleti shitaka hili kwa chuki, wala kwa tamaa ya mali, bali kwa kuwa ni kweli kama anavyojua. Watu wa Wyneby walikohoa kwa pamoja penye neno tamaa. Lakini kiapo kilikuwa kizima, kikapokelewa.

"Mwanamke," alisema liwali.

Leofwaru alisogea. Sanduku lilikuwa dogo, la mti uliofunikwa fedha iliyochakaa pembeni kwa kuguswa. Nyuma yake majirani walijipanga mstari mmoja, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Bibi Siflede; aliisikia pumzi yake inavyokoroma kwa kupanda kilima. Alijua vizuri watakachosema, maana walikuwa wamekifanyia mazoezi jikoni kwake wakicheka. Hakuna hata mmoja atakayeapa juu ya Ketil, wala juu ya mfalme, wala juu ya kengele. Kila mmoja, mkono juu ya masalia, atasema: Kwa Bwana, kiapo alichoapa Leofwaru ni safi, hakina uongo. Watamwapia yeye. Wataweka mikono yao kumi na moja juu ya moyo wake kama dhamana.

Akaweka mkono. Fedha ilikuwa baridi.

"Kwa Bwana," alianza, "na kwa masalia haya matakatifu, sina hatia..."

Akasimama. Mtu akijikwaa kwenye kiapo, kiapo kimeanguka, na kila mmoja pale alilijua hilo. Liwali akainua kichwa. Shahidi mmoja wa Grim akachekelea. Leofwaru aliona jikoni zote alizolala akiwa mtoto, zikipita moja baada ya nyingine, na mlango wa kila moja. Alizisikia funguo kiunoni. Mungu ananijua, aliwaza, ninaitaka nyumba hii kuliko ninavyoitaka pepo. Na ilikuwa kweli. Kama ingekuwa roho yake peke yake, angemaliza kuapa, akashuka, akapika chakula cha mchana.

"Endelea, mwanangu," Bibi Siflede alinong'ona. "Malizia."

Leofwaru akatoa mkono.

"Siapi."

Kelele zilizopanda zilimfanya padri akumbatie sanduku lake. Osgot alikuwa anapayuka, "Ameshikwa na baridi! Mpeni nafasi nyingine!" Liwali akagonga fimbo mpaka wakatulia, akamwambia aseme analosema.

Akasema. Alieleza juu ya nyama piponi na nyama ya harusi, juu ya mafuriko na mjumbe, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa, kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. Alipokuwa akisema, aliwaona majirani wakihesabu kwa midomo, mmoja baada ya mwingine, na nyuso zao zikibadilika. Mke wa Osgot alijishika mkono wake wa kuume.

Kisha akamgeukia Grim, na hapo ukavu ukamwisha.

"Wewe ulikuwa mjini Lincoln vuli ile ya mafuriko. Habari za mfalme ulizisikia huko kabla yetu. Siku ya harusi yangu ulikuwa unajua. Uliniletea pipa la pombe, Grim! Ulicheza! Ungenivuta pembeni useme neno moja tu, shemeji, ngoja mpaka Noeli ipite, ningengoja. Ningengoja nikiimba. Mbona hukusema?"

Grim alitazama kofia yake.

"Sikuulizwa," alisema.

Hakuna aliyekohoa safari hii. Lakini sheria haikuwa na kifungu juu ya watu wanaonyamaza, na liwali, ambaye uso wake ulionyesha kwamba jambo hili halimfurahishi, alitoa hukumu kwa maneno machache. Kiapo kimeanguka. Zawadi ya asubuhi na kila alichokipata kwa Ketil virudi kwa ukoo wa Ketil. Faini kwa mfalme akasema ataisahau, kwa kuwa mwanamke amejisema mwenyewe. Akaita kesi inayofuata, ya ng'ombe aliyeibwa.

Leofwaru alifungua mshipi. Ufunguo wa kabati ulitoka upesi, wa sanduku ukafuata. Ule wa ghala ulinasa kwenye pete yake, akahangaika nao huku watu wote wanamtazama, vidole vimekufa kwa baridi, na Grim amenyoosha kiganja anangoja. Hatimaye Grim akasema kwa sauti ya chini:

"Unaweza kukaa mpaka mavuno, shemeji. Sikufukuzi leo."

"Usiniite shemeji," alisema Leofwaru. Ufunguo ukatoka. Akamwekea kiganjani, akafuta mkono kwenye sketi.

Majirani walikuwa wanashuka kilima bila kumngoja. Hakuwalaumu. Walikuwa wametoka majumbani mwao wakiwa watu wema wanaokwenda kumtetea mjane, na sasa wanarudi wakiwa watu waliobakisha hatua tatu tu wakatwe mikono, na mtu hapendi kumtazama aliyemwonyesha kitu kama hicho. Brihtmer alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mkokoteni, kichwa mikononi. Alipomwona mkewe anakuja aliinuka. Akasema paa la kibanda chake linavuja upande wa kaskazini, kwa hiyo watalala kusini. Akaenda kumfunga ng'ombe wa kuazima.

Juu ya kilima alibaki Bibi Siflede peke yake, amesimama palepale kwenye mstari ambao haupo tena. Leofwaru alirudi kumchukua.

"Umeniaibisha," alisema mzee.

"Nimekuokoa mkono, Bibi."

"Mkono!" Aliuinua ule mkono wake, uliokunjamana, wenye kovu la kisu kwenye kidole gumba. "Nina meno mawili na kifua kinachopiga filimbi. Huu mkono ningeufanyia nini?"

"Na roho yako je? Ungeapa uongo bila kujua."

Bibi Siflede aliteremsha macho.

"Nyama ile niliikata mimi," alisema. "Nikaitia chumvi mimi, uani kwako, na Ketil wako amekaa mlangoni na blanketi ananigombeza nisimalize chumvi yake. Siku tatu baada ya Martin. Unadhani ningesahau?"

Leofwaru alisikia maneno, akayasikia tena.

"Ulijua."

"Nilijua kengele ya pili ilipolia. Tulikuwa tunasafisha matumbo, nikajisemea, hapana, hii si siku yake. Nikataka kukwambia."

"Ungeniambia!" Sauti ya Leofwaru ilipasuka. "Bibi, ningengoja mpaka baada ya Noeli tu! Basi! Leo ningekuwa na nyumba! Ulinyamaza kwa nini?"

"Ulirudi kutoka kanisani unacheka," Bibi Siflede alisema. "Unakimbia na damu mpaka kwenye nywele, unacheka. Mwaka mzima sikuwa nimekusikia. Nikasema acha acheke leo, nitamwambia kesho. Kesho yake ulikuwa unashona nguo. Halafu Grim akaja na mashahidi wake, nikaona la kufanya limebaki moja tu. Ndiyo maana nilisema nitaapa wa kwanza."

Chini, mkokoteni ulikuwa tayari, na mtu wa ng'ombe aliyeibwa alikuwa anapiga kelele mbele ya liwali. Leofwaru alitaka kumsukuma yule mzee ateremke kilima chote kwa mgongo. Alitaka pia kupiga magoti, amshike miguu. Machozi ambayo hayakutoka mbele ya Grim yalimtoka sasa, mengi, ya hasira, akayaacha.

Kisha akamshika mzee mkono, ule wa kuume, kwa sababu njia ya kushukia ilikuwa na utelezi, na yule bibi hakuwa anaona vizuri.